Supu ya Makaroni ya Kinyozi

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, wanawake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao, isipokuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Redio. Watoto alikuwa nao tele, ila mdomo wake ulikuwa umewapita wote kwa umaarufu. Wa pili hakuwa na mtoto. Kazi yake ilikuwa kulisha mashuka mabichi kwenye roli la moto, yatokee upande wa pili yamekauka na kunyooka, na kwa sababu hiyo wenzake wakamwita Mama Mashuka. Alilipokea jina hilo kwa kicheko. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, lakini hakuna aliyekipima.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, vidole vimebabuka kwa mvuke. Jambo moja tu lilimfanya aongee bila kuulizwa, nalo ni mume wake. Mume alikuwa kinyozi mwenye kibanda safi karibu na kituo cha mabasi, mtu wa maneno matamu ambaye wateja walimwendea hata kabla nywele hazijaota, ili wamsikilize tu.

"Jana kanipikia tena," Mama Mashuka angesema wakati wa chakula cha mchana, akifungua kikopo chake. "Supu ya makaroni. Nafika, meza imepangwa, sufuria linafuka moshi, mwanaume ameketi ananingoja."

"Wa kwako ameumbwa kwa udongo gani?" Redio angeuliza. "Wangu mimi akiona sufuria anadhani ni kofia."

Wanawake wangecheka, na Mama Mashuka angeinamia kikopo chake kwa furaha ya mtu aliyepewa asichokitarajia.

Jambo hilo lilianza hivi. Jioni moja alirudi nyumbani miguu imevimba, akaanza kumenya vitunguu hata koti hajavua. Kinyozi alimtazama, akamnyang'anya kisu.

"Malkia wangu, basi. Kuanzia leo, siku za kazi jiko ni langu. Wewe una mashuka ya hospitali nzima, mimi nina vichwa tu."

Mkewe alidhani ni mzaha. Lakini kesho yake alipofika alikuta supu, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Ilikuwa chakula cha sufuria moja, cha haraka, cha mtu aliyetoka kazini: maharage, karoti zilizokatwa vipande vidogo sawasawa, nyanya, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikayeyuka, na makaroni mafupi. Siku nyingine kulikuwa na majani ya kijani, siku nyingine viazi, lakini mkono ulikuwa ule ule. Siku ya kwanza Mama Mashuka alilia mezani, kijiko mkononi, na Kinyozi akamfuta machozi kwa taulo la kunyolea.

Supu ilikuwa na kasoro moja. Makaroni yalikuwa yamevimba kama vidole vilivyokaa majini, yamekunywa mchuzi wote, na kijiko kilisimama wima chenyewe. Mama Mashuka hakuwahi kulitaja hilo. Nani apewe punda bure aanze kumhesabu meno? Aliongeza maji ya moto kidogo, akakoroga, akasema, "Tamu." Na ilikuwa tamu kweli. Akimwomba mumewe amwonyeshe anavyopika, Kinyozi alimkonyeza. "Siri ya mpishi hiyo. Ukiijua utaniacha."

Kwa mama mkwe hakuwa na bahati hiyo. Alimwona siku ya harusi, mama mfupi mwenye macho ya aibu, kisha basi. Kinyozi alimweleza kwa huzuni kwamba mama yake alitaka mkwe mwalimu, si mfua mashuka ya wagonjwa. "Mpe muda. Ukimwendea sasa utamwasha zaidi. Niachie mimi." Mama Mashuka alimwachia. Majira ya baridi yalipoingia, alimfuma mama mkwe shali ya sufu ya bluu, akafuma kila mapumziko mpaka Redio akamwambia atamfuma na yeye kwa bahati mbaya. Kinyozi aliipeleka, akarudi ameinamisha kichwa.

"Ameipokea," alisema. "Lakini hakusema kitu."

"Kupokea tu kunatosha," akajibu mkewe, akaingia chumbani akakaa kidogo peke yake.

Na mtoto? Mtoto alisubirishwa. Kinyozi ndiye aliyesema wasubiri. Chumba kimoja na sebule, tutamlaza wapi? Ngoja kibanda kikue. Alipolisema hilo alimshika mkewe mabega na kumtazama usoni, na mkewe, ambaye usiku aliota vitoto vikimtokea kwenye roli vimefungwa kwenye mashuka ya moto, alikubali. Mume anayekupikia huwezi kumbishia kila jambo.

Sasa, Jumapili moja Kinyozi alikwenda kwenye harusi ya mteja wake, na Mama Mashuka akaamua kumshangaza. Atapika supu ile ile, kwa kufuata ulimi wake tu. Alikaanga kitunguu taratibu, akatia kitunguu saumu, karoti, nyanya, akakaanga mpaka mafuta yakajitenga pembeni. Akamimina maji na maharage aliyoyachemsha, na mwishoni makaroni, akayaepua yakiwa bado yana ugumu kidogo wa kutafuna. Akaonja. Ilikuwa nzuri, nyepesi, mchuzi unang'aa, kila kitu kinaelea mahali pake. Lakini haikuwa supu ya mumewe. Alikula bakuli moja, akafunika sufuria, akalala kidogo.

Jioni alipofunua alikuta makaroni yamevimba. Mchuzi haupo. Alichomeka kijiko, kikasimama.

"Ndiyo hii!" alisema kwa sauti, akapiga makofi peke yake jikoni. Ameipata siri.

Kesho yake alimhadithia Redio huku wakikunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha zake, wakisogeleana na kuachana. "Kumbe siri ni kuiacha ikae mchana kutwa! Yanakunywa mchuzi yenyewe."

Walikunja shuka lile likaisha.

"Shoga, mumeo anafunga kibanda wakati gani?"

"Jioni, jua likizama."

"Na wewe ukifika anakwambiaje?"

"Kwamba ameepua sasa hivi."

"Basi niambie," Redio akasema, bila kucheka. "Hayo makaroni yanashinda wapi?"

Mama Mashuka alicheka yeye. Alisema labda mumewe anachemsha sana, wanaume hawajui kiasi. Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Siku zilizofuata alianza kunusa. Alinusa mwiko, alinusa taulo la jikoni. Alimtazama mumewe mikono. Ilinuka sabuni ya kunyolea na spiriti, kila siku, na haikunuka kitunguu hata siku moja. Mtu aliyemenya kitunguu hata akioga mara ngapi kitunguu kinamshitaki. Akaanza kumwona mwanamke kichwani mwake. Alikuwa kijana, mnene kidogo, mwenye kucha nzuri. Mchana alipokuwa akilisha mashuka kwenye roli, mwanamke huyo alikuwa jikoni kwake akikata karoti vipande vidogo sawasawa.

Boila ya hospitali ikaharibika siku ya Jumatano. Mvuke ulikatika, roli likapoa, na msimamizi akawaambia wote waende nyumbani, fundi hatafika leo. Mama Mashuka alivaa koti. Redio alitaka kumsindikiza, lakini yeye akakataa. Alipanga apite kibandani kwa mumewe kwanza, lakini miguu ilimpeleka nyumbani moja kwa moja.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Harufu ya kitunguu ilimpokea kwenye ngazi. Alisimama akashika ukuta, akajiambia, chochote utakachokiona, usipige kelele, majirani wana masikio. Akasukuma mlango.

Mbele ya jiko la gesi alisimama bibi mfupi, amempa mgongo, anakoroga. Mabegani alikuwa amejitanda shali ya bluu.

Ubao wa sakafu ulilia. Bibi aligeuka, akamwona, na mwiko ukamdondoka.

"Naondoka," alisema. "Naondoka sasa hivi, mwanangu. Usinifokee, nakuomba. Nilichelewa basi tu. Naondoka." Alikuwa ameshaanza kutafuta mkoba wake, akiizunguka meza upande wa pili kama mtu anayekwepa mbwa.

Mama Mashuka alikuwa amejiandaa kwa mwanamke mwenye kucha. Kwa huyu hakuwa na neno lolote tayari. Kinywa chake kikatoa kile kilichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

Bibi alisimama. "Marahaba," alisema polepole, kana kwamba hajui kama ni lake.

"Unaenda wapi? Supu itaungua."

Wote wawili wakalitazama sufuria. Mama Mashuka aliokota mwiko, akauosha, akampa. Bibi hakuupokea.

"Alisema hutaki nionekane," alinong'ona. "Kwamba nisikanyage hapa ukiwepo. Nikipika nipike mapema, nitoke, nifute hata nyayo. Mimi sikukasirika, mwanangu. Nyumba ni yako. Nilisema, kama mke hataki kushika sufuria, mwanangu atakufa njaa, acha nije."

"Nani hataki kushika sufuria?"

Bibi alimtazama, na uso wake ukaanza kubadilika, lakini polepole, maana kuna mambo mama hataki kuyaelewa haraka.

"Kaa, mama," Mama Mashuka akasema. "Tafadhali. Kaa."

Walikaa. Supu ilitokota taratibu kati yao, na kwa maswali mafupi, kama watu wawili wanaokunja shuka, wakaanza kukutanisha ncha. Ni kweli mama alitaka mkwe mwalimu? Bibi alishangaa, yeye mwenyewe alifua nguo za watu ujana wake wote, siku ya harusi alimwambia mwanawe, umepata mwenye mikono ya kazi. Basi mbona hukuwahi kuja kunitembelea? Kwa sababu uliniambia nisije. Mimi? Mwanangu aliniambia ulisema hivyo. Na wewe mbona hukunijia nilipolazwa kwa presha? Mama Mashuka alijishika kifua. Alilazwa? Hospitali gani? Hospitali ile ile. Kwa juma zima mama mkwe alilalia mashuka aliyoyapiga pasi mkwewe, ghorofa mbili tu juu ya kichwa chake, na hakuna aliyemwambia.

"Makaroni," bibi akasema ghafla, akiona aibu. "Najua yanavimba. Yanatakiwa yaingie mwisho, watu wakiwa mezani. Nilimwambia, baba, nitakuachia mchuzi tayari, wewe ukirudi tia makaroni tu, yachemke, basi. Akasema hawezi. Akasema mama, yatie yote, mimi nitapasha."

Mama Mashuka alijikuta anacheka. Bibi naye akacheka, akijifunika mdomo kwa ncha ya shali, na hapo mkwe akauona mstari wa tatu kutoka ukingoni ambako alikosea mshono na kuona uvivu wa kufumua.

"Shali nzuri," alisema.

"Eh! Mwanangu aliniletea. Alisema alizunguka mji mzima akiitafuta."

Mama Mashuka aliikunjua ncha ile taratibu, akamwonyesha mshono, kisha akafungua kabati na kutoa vibonge vya sufu ya bluu vilivyobaki. Bibi aliviangalia. Alivigusa kimoja kimoja. Halafu akauliza lile ambalo pengine alikuwa amelibeba kila siku kwenye basi, na mkoba wa karoti mapajani.

"Na mjukuu? Alisema wewe ndiye hutaki. Kwamba unaogopa kuharibu umbo."

Mama Mashuka aliinuka, akazima moto. Hakulia. Alihisi kama mtu aliyeishi miaka ndani ya nyumba, kisha akaonyeshwa kwamba ukuta mmoja ulikuwa pazia tu, na nyuma yake watu walikuwa wamesimama muda wote. Uongo wa kumwacha mtu na njaa angeuelewa. Huu ulimlisha. Kila jioni alikaa mezani akishukuru, na aliyeshukuriwa alikuwa anakumbuka vizuri kabisa alivyomchafulia jina mchana.

"Leo makaroni tusiyatie," alisema. "Tumwachie mpishi."

Kinyozi aliingia jua likizama, anapiga mluzi, kitana mfukoni mwa shati. Aliwaona wameketi, mkewe na mama yake, bega kwa bega, na sufuria mbele yao. Mluzi ulikatika. Lakini hakuitwa fundi wa maneno bure, alitanua mikono.

"Ajabu hii! Leo malkia wangu wote wawili!"

Hakuna aliyeinuka.

"Mwanangu," bibi akaanza, "ulisema amenikataza."

"Mama, nilitaka amani. Wanawake wawili katika jiko moja, unajua mwenyewe. Nilikuwa nazuia moto kabla haujawaka."

"Na kulazwa kwangu?"

"Sikutaka kumtia wasiwasi, ana kazi nzito."

Kila swali alikuwa na jibu lake, laini, limenyolewa vizuri. Mama Mashuka alimsikiliza, na jambo lililomwogopesha ni kwamba majibu yalikuwa mazuri. Kama angeyasikia moja moja, siku tofauti, angeyaamini yote. Ndivyo alivyokuwa ameyaamini.

"Na mtoto?" alimuuliza.

Kinyozi akatazama dirishani. Kisha akaudhika, kama mtu aliyeonewa.

"Sasa haya yote ya nini? Mnanihukumu kwa sababu ya supu? Supu tu?"

Bibi alichukua pakiti ya makaroni, akaisukuma kwake juu ya meza. "Tia," alisema. "Mkeo ana njaa. Maliza kupika."

Kinyozi aliwasha jiko kwa jaribio la tatu. Akafungua pakiti, akatazama sufuria, akatazama pakiti, akageuka kumwangalia mama yake kama mtoto darasani. Bibi hakumsaidia. Akamimina pakiti yote. Walikaa wakitazama makaroni yakinywa, yakipanda, yakiusukuma mfuniko, mpaka sufuria likawa na kitu kisichoitwa supu wala ugali, na harufu ya kuungua ikaanza. Kinyozi alisimama na mwiko mkononi. Alikuwa amekula chakula hicho mwaka mzima na zaidi, na hakuwahi hata siku moja kukitazama kinavyotengenezwa.

Usiku ule bibi na mkwewe walishikana mikono mlangoni. "Nimezaa mwongo," bibi alisema, "lakini sasa nina binti. Popote utakaponiita, nitasema niliyoyasikia kwa masikio yangu."

Mama Mashuka alishikilia neno hilo. Kwa majuma yaliyofuata lilikuwa kitu pekee kilichonyooka. Kinyozi aliomba msamaha asubuhi, akanuna mchana, akaleta maua jioni. Alilala sebuleni. Jirani mmoja alimwambia Mama Mashuka kwenye ngazi kwamba mumewe amekonda, na kwamba wanaume wapishi hawapatikani siku hizi. Hatimaye Mama Mashuka akasema anataka waachane, na Kinyozi akamwita baba yake mdogo, fundi bomba mstaafu mwenye sauti nzito, ili watu wakae wazungumze.

Walikaa sebuleni. Baba mdogo, Kinyozi, bibi na Mama Mashuka, ambaye Redio alikuwa amemsindikiza na kuketi pembeni, ameapa kutofungua mdomo.

"Mwanangu," baba mdogo alimgeukia mkwe, "amekupiga?"

"Hapana, baba."

"Ana mwanamke nje?"

"Hapana."

"Analewa?"

"Hapana."

Baba mdogo alikuna kidevu. "Basi kosa lake hasa ni lipi? Maana nimesikia habari ya supu, na sikuielewa."

Mama Mashuka alieleza. Hakuwa msemaji, maneno yalimtoka yamekunjamana. Supu, shali, hospitali, mtoto. Kadiri alivyoeleza ndivyo yalivyozidi kuwa madogo, moja moja, mbele ya watu. Baba mdogo alijizuia kutabasamu aliposikia habari ya makaroni kuvimba. Kinyozi alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu nzuri sana.

"Nilitania tu, baba," alisema. "Mama alinielewa vibaya. Na mke wangu anachoka, mtu akichoka anachanganya. Mimi sikusema kamwe kwamba hataki mtoto."

"Haya," baba mdogo akasema, na akamgeukia bibi. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Alikwambia maneno hayo?"

Mama Mashuka alimtazama mama mkwe wake. Alimtazama bila wasiwasi, kama unavyotazama mlango ambao unajua ufunguo wake uko mfukoni. Bibi alikuwa anazungusha pindo la gauni kwenye kidole. Alimtazama mwanawe, mwanawe aliinua macho, mekundu, akasema taratibu sana, "Mama."

"Mimi ni mzee," bibi akasema. "Siku nyingi zimepita. Sikumbuki vizuri alisemaje."

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Baba mdogo alishusha pumzi, akaanza kusema juu ya uvumilivu, na vikombe viwili vya kabati moja visivyoacha kugongana. Mama Mashuka hakusikia mengine. Kumbe alikuwa bado ana kitu cha kupoteza, na ndicho hiki. Ya mume yalimvunja. Haya yalivimwaga hata vipande vyake.

Aliinuka akaingia chumbani. Nguo zake zilikuwa tayari kwenye begi, alizipanga jana yake kwa sababu hakuweza kulala. Bibi alimfuata mpaka mlangoni, akamshika mkono wa koti.

"Nisamehe, mwanangu. Ni wa pekee. Sina mwingine."

"Najua, mama."

"Ni ulimi tu ndio mbaya. Moyo wake—"

"Mama," Mama Mashuka akasema, na hakupandisha sauti, "wewe huwezi kumpa talaka mtoto. Mimi naweza kumpa mume. Usinichukie kwa hilo."

Redio alichukua begi. Walishuka ngazi pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Redio hakusema neno mpaka walipofika barabarani, na hata hapo alisema tu, "Vuka, hakuna gari."

Alipata chumba nyuma ya nyumba ya Redio, chenye dirisha moja na jiko la vichwa viwili ambalo kimoja hakiwaki. Wiki za kwanza alikula mkate na chai. Supu ilimchefua hata harufu. Kisha Jumanne moja alirudi kutoka kazini, nje kunanyesha, ana kitunguu kimoja na karoti mbili, na makaroni yaliyosalia pakitini, na hakukuwa na chakula kingine cha haraka. Aliyapika yote sufuria moja, akayala yakiwa bado yana ugumu, akikaa ukingoni mwa kitanda, koti mabegani. Haikumletea machozi wala ushindi. Ilikuwa chakula cha jioni. Siku hizi anakipika mara nyingi, na watoto wa Redio wakisikia harufu wanakuja na bakuli zao wenyewe, bila aibu.

Kinyozi bado ana wateja. Anawasimulia kwamba alimwoa mwanamke, akampikia kila siku ya Mungu, na mwanamke akamkimbia, kwa kuwa wema siku hizi hauthaminiwi. Wateja wanatikisa vichwa chini ya mashine. Habari hizo zilimfikia Mama Mashuka kupitia kwa mhudumu wa wodi aliyekwenda kunyoa, na mhudumu alitazamia akasirike.

"Amekwambia nilipikiwa nini?" aliuliza tu.

"Hakusema."

Alirudi kwenye roli lake. Mama mkwe hajamtembelea, ingawa mara mbili ametuma salamu. Mara ya kwanza Mama Mashuka alizirudisha bila kuzipokea. Mara ya pili alimwambia aliyezileta kwamba amezisikia, akaendelea kulisha mashuka, na mtu yule alisubiri kidogo karibu na mlango, kisha akaenda zake.